Risasi za Bastola na Sifa Zinazozifuata, Mtwara na Bonde la Ruvuma

Risasi ya bastola ina sehemu nne. Ganda la shaba hushika vyote. Fataki ndogo kitakoni hulipuka ikigongwa na pini. Moto wake huwasha baruti. Gesi ya baruti hukisukuma kichwa cha risasi kupitia kwenye mtutu. Aina moja hutofautiana na nyingine kwa upana wa kichwa, uzito wake, urefu wa ganda na kiasi cha baruti. Hayo yote hupimika. Sifa haipimiki kirahisi hivyo: kwamba hii inaangusha, ile inapita tu, nyingine ni ya kutishia. Makala hii inazilinganisha risasi za bastola zinazojulikana zaidi kwa kujilinda na sifa zinazozifuata, kwa jicho la mtu wa Mtwara. Bonde la Ruvuma limepitiwa na risasi za mataifa mengi, na yaliyotokea huko yanafundisha namna sifa hizo zinavyozaliwa.

Tuanze na mbili zilizoenea kuliko nyingine, 9×19 na .38 Special. Ziweke kiganjani pamoja. Ya kwanza ni fupi na nene, na karibu na kitako ina mfereji mwembamba unaoizunguka. Hapo ndipo ndoana ya bastola hunasa ganda na kulitupa nje baada ya mlio. Ya pili ni ndefu, ganda lake peke yake lina milimita 29, na kitako chake kina ukingo uliotokeza unaolizuia ganda lisizame ndani ya silinda ya rivolva. Kwa kuzitazama tu, mtu angeapa kwamba ile ndefu ndiyo kali. Ukipima upana wa vichwa, 9×19 ina milimita 9.01 na .38 Special ina 9.07, tofauti isiyoonekana kwa macho. Nguvu ndiyo inayotofautiana, tena kinyume cha umbo: 9×19 hutoa kichwa cha gramu 7.5 hadi 8 kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde au zaidi, karibu jouli 500; .38 Special ya kawaida hutoa gramu 10 kwa mita 240 hivi, chini kidogo ya jouli 300. Ganda refu la .38 ni urithi wa mwisho wa karne ya 19, enzi za baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa. Georg Luger aliitengeneza 9×19 mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa tayari na baruti isiyo na moshi.

Tofauti hiyo ya baruti iliwahi kuamua nani anaishi na nani anakufa kusini mwa Tanzania. Vita vya Maji Maji vilianza Nandete, milima ya Umatumbi, Julai 1905, vikawafikia Wamwera wa nyuma ya Lindi na Wangoni wa Songea. Watu walipewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, wakazikabili bunduki na bombomu kwa imani hiyo, na Mahenge wakaanguka kwa wingi. Wanaoikumbuka dawa hiyo kama ujinga hawatazami upande wa pili. Askari wengi wa Kijerumani wenyewe walikuwa na Mauser ya 1871, bunduki ya risasi moja moja yenye kichwa kizito cha gramu 25 na upana wa milimita 11. Sifa yake ya kuangusha ilikuwa ya kweli. Lakini kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia moshi huo ulimwonyesha adui mahali askari alipolala. Risasi yenye sifa kubwa kuliko zote kambini ikawa ndiyo inayomwua mwenyewe.

Kisha ikaja Ngomano. Baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa amebakiwa na risasi chache mno za kisasa. Novemba 25, 1917 alivuka Ruvuma mahali unapokutana na Lugenda, akaishambulia kambi ya Wareno, akachukua mamia ya bunduki, bombomu 6 na risasi zipatazo 250,000. Tangu siku hiyo jeshi lake lilipiga kwa risasi za Kireno, baadaye na za Kiingereza. Alipojisalimisha Abercorn, katika Zambia ya leo, mwaka mmoja baadaye alikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Hakuna aliyekuwa amezichagua kwa ubora wa kaliba, yaani upana wa risasi. Zilichaguliwa kwa sababu ndizo zilizokuwa na chakula chake. Anayeuliza leo ni risasi gani iliyo bora kwa kujilinda angeanza na swali hilo hilo la Ngomano: ipi utaipata, kwa halali, mwaka huu na mwaka ujao?

Sifa za bastola zenyewe zilizaliwa katika miaka hiyo hiyo, na vita vya makoloni ndivyo vilivyozizaa. Afisa wa Kiingereza alivaa kiunoni rivolva ya Webley yenye risasi ya .455, kichwa cha gramu 17 kinachokwenda polepole, mita 190 hivi kwa sekunde. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limechukua 9×19 mwaka 1908. Waingereza waliamini kwamba kichwa kizito ndicho kinachomsimamisha mtu anayekujia mbio, wakakidharau kidogo chenye kasi. Hesabu inasema vingine: .455 ilibeba jouli 310 hivi, 9×19 ilizidi 400.

Wamarekani walipita njia hiyo hiyo huko Ufilipino. Wapiganaji wa Moro, Waislamu wa visiwa vya kusini, walipigwa risasi za .38 Long Colt wakaendelea kuja na mapanga. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walifanya majaribio kwa kupiga ng'ombe wa machinjio ya Chicago na maiti za watu, wakapendekeza kaliba isiyopungua .45. John Browning akatengeneza .45 ACP: gramu 15, mita 255 kwa sekunde, jouli 480 hivi. Bastola ya 1911 iliibeba katika vita viwili vya dunia, na sifa yake haijapoa hadi leo. Ndiyo risasi ambayo wapiga shabaha wengi huisema kwa heshima, hata wasiowahi kuishika.

Sifa hiyo ina sehemu ya kweli na sehemu ya hadithi. Hadithi ni ile ya sinema, mtu anarushwa nyuma. Zidisha uzito wa kichwa cha .45 na kasi yake, gawanya kwa kilo 70 za mtu mzima: hata msukumo wote ukibaki mwilini mwake, angesogea kwa mwendo wa sentimita 5 hivi kwa sekunde. Anayepiga naye hupata msukumo huo mkononi na haanguki. Risasi ya bastola haisukumi mtu. Inatoboa, na kinachomsimamisha ni kile ilichokigusa ndani: ubongo, uti wa mgongo, moyo, mishipa mikubwa. Ikikosa hivyo, mtu anaweza kuendelea kupigana kwa dakika nzima na zaidi, iwe ya .45 au ndogo.

Ushahidi unaotajwa zaidi ni wa Miami, Aprili 11, 1986. Wapelelezi wa FBI walipambana na majambazi wawili. Wapelelezi 2 waliuawa na 5 wakajeruhiwa. Risasi moja ya 9×19 ilipita mkononi mwa jambazi mmoja, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kuua. Lawama ikaiangukia 9×19 yote. FBI ikahamia kaliba kubwa zaidi, na mwaka 1990 ikazaliwa .40 S&W, ambayo polisi wengi wa Marekani waliikimbilia. Jambo la maana zaidi lililotoka Miami lilikuwa kipimo: risasi ya kujilinda ipenye jelatini, inayoiga nyama ya mwili, kwa sentimita 30 hadi 45, isipungue, isizidi sana. Watengenezaji walipokifuata kipimo hicho, vichwa vya 9×19 vikaboreshwa mpaka vikavifikia vya .40, na katikati ya miaka ya 2010 FBI ikarudi kwenye 9×19. Sababu iliyotolewa ni nyepesi kueleweka: haipigi teke sana, hivyo watu wengi hulenga vizuri zaidi nayo, na magazini hubeba nyingi zaidi.

Zile ndogo zina sifa ya unyonge. 7.65 Browning ya 1899 hutoa gramu 4.6 na jouli 175 hivi; .380, ambayo pia huitwa 9 fupi, hutoa gramu 6 na jouli 270; .22 haifiki jouli 150. Kwa kipimo cha kupenya, nyingi kati ya hizi hukaa kwenye mpaka wa chini au hazifiki. Hata hivyo, Juni 28, 1914, huko Sarajevo, bastola ya FN ya .380 ilipigwa mara mbili, na waliopigwa wote wawili, mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe, wakafa. Vita vilivyofuata ndivyo vilivyowafikisha Wareno Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, mwaka 1916, na Wajerumani Ngomano mwaka uliofuata.

Upande wa mashariki wa dunia ulileta mbili nyingine, nazo ndizo zilizokaa karibu zaidi na kumbukumbu za watu wa kusini. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianza vita dhidi ya Wareno Septemba 25, 1964, na silaha zake zilipita Tanzania, Nachingwea na Mtwara, kuelekea Cabo Delgado. Silaha za kambi ya Kisovieti zilikuja na risasi za Kirusi. 7.62×25 ya Tokarev, inayotumika kwenye bastola ya TT na pia kwenye bunduki ndogo ya PPSh, ina kichwa chembamba cha gramu 5.5 kinachokwenda zaidi ya mita 420 kwa sekunde. Sifa yake ni ya kupenya, na ni sifa ya haki. 9×18 ya Makarov, iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1951, ni ya upole zaidi, jouli 300 hivi, na kichwa chake kina upana wa milimita 9.2 na ushei. Haiingiliani na 9×19, ingawa zote huitwa tisa. Mwenye Makarov aliyeuziwa risasi za 9×19 hana alichonunua.

Kupenya huko ndiko kunakopaswa kumfanya mtu wa Mtwara afikiri mara mbili. Nyumba nyingi za vijijini ni za fito na udongo, na za mjini Chikongola au Magomeni zimebanana, ukuta wa tofali moja ukitenganisha kitanda cha huyu na cha jirani. Risasi ya Tokarev, au 9×19 yenye kichwa kilichofunikwa shaba chote, ikimkosa mwizi dirishani huweza kuendelea hadi chumba cha pili na nyumba ya tatu. Kichwa chenye tundu mbele hupanuka kinapoingia mwilini, kikapunguza kupita upande wa pili. Azimio la Hague la 1899 lilivikataza vichwa vinavyopanuka katika vita vya mataifa, lakini polisi wa nchi nyingi huvitumia mijini kwa sababu hiyo hasa. Kwa nyumba za aina hii, kupenya kupita kiasi ni kasoro, hata wapiga shabaha wakiisifia vipi.

Pwani ina adui mwingine, naye ni chumvi. Kwenye hewa ya Mikindani na Msimbati ganda la shaba huota ukijani, na la chuma, ambalo risasi nyingi za Kirusi zinalo, hupata kutu upesi likishapoteza rangi yake. Mafuta yanayopakwa ovyo kuzuia kutu yakiingia kwenye fataki huiua. Hapo rivolva ya .38 ina ubora ambao hesabu za jouli haziuonyeshi: risasi ikigoma, unavuta tena, silinda inaleta nyingine. Bastola ya magazini ikigoma inahitaji mikono miwili na kichwa kilichotulia.

Nionavyo mimi, kwa mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara, 9×19 haina mpinzani kati ya zote zilizotajwa. Kwa anayefungia silaha kabatini na kuigusa mara moja kwa mwaka, .38 Special ni ya kuaminika zaidi. .45 haina kosa isipokuwa bei na upatikanaji wake. Tokarev si ya nyumbani.

Uchaguzi wenyewe una mipaka ya sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka kila mmiliki awe na leseni kupitia Jeshi la Polisi, kwa silaha na kwa risasi zake. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania iliitia saini, inazitaka nchi zizuie raia kumiliki bunduki za otomatiki na nusu otomatiki na kutia alama kwenye silaha. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inaruhusu kujitetea wewe na mali yako kwa nguvu inayolingana na hatari, na mahakama huitazama hatari hiyo kabla ya kuutazama ukubwa wa risasi. Hofu ya mpakani ipo na ina sababu. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado walikishambulia kijiji cha Kitaya. Lakini dhidi ya kundi lenye bunduki za kivita bastola ya kaliba yoyote haitoshi, na ulinzi wa Kitaya ni kazi ya jeshi. Leseni ya bastola imewekwa kwa hatari ndogo zaidi, ya mlango wa dukani na usiku wa mauzo ya korosho, na huko umbali ni wa mita tatu au nne, giza ni nene, na watu wengine wa nyumba wako nyuma ya ukuta huo huo.