Fundi wa Kanda: Mwizi wa Nyimbo Aliyetutunzia Nyimbo

Kuna mtu mmoja ambaye historia ya muziki wa Bongo haiwezi kukamilika bila yeye, lakini hakuna anayemtaja. Hakuwahi kuimba wala kupiga gitaa. Alikuwa na kibanda karibu na stendi au sokoni, deki mbili zimeunganishwa kwa waya, spika moja nje inapiga mpaka usiku, na ukutani kabandika orodha ya nyimbo iliyoandikwa kwa kalamu. Unampelekea kanda tupu na hela kidogo, unachagua nyimbo zako, jioni unapita kuchukua mzigo. Watu walimwita fundi. Kisheria alikuwa mwizi. Na karibu kila mtaa ulikuwa na wa kwake.

Siku hizi ikizungumzwa hakimiliki, wadau wengi wanadhani wizi wa nyimbo ulikuja na intaneti. Siyo kweli. Ugomvi huu ni mkubwa kuliko simu zetu, na ukiufuata toka mwanzo utaona kitu ambacho kwenye mabishano ya kila siku hakisemwi.

Tuanze na kanda yenyewe. Kaseti ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 kwenye maonesho ya redio Berlin, Ujerumani. Waliotengeneza ni kampuni ya Philips ya Uholanzi, na timu iliongozwa na injinia Lou Ottens, aliyetaka mashine ya kurekodi inayoingia kwenye mfuko wa koti. Sasa sikiliza hii: Philips walikubali kampuni nyingine zitengeneze kaseti ya aina ileile bila kuwalipa ada ya leseni. Ndiyo maana kanda ya Japani iliingia kwenye redio ya Uholanzi bila shida, na ndiyo maana ikafika mpaka vijijini kwetu. Yaani kifaa kilichokuja kuitwa adui wa hakimiliki kilisambaa dunia nzima kwa sababu mwenye haki yake aliamua kutodai.

Wazungu wenyewe walihangaika nacho. Ujerumani Magharibi walitunga sheria mwaka 1965: watu warekodi nyumbani kwao, lakini watengenezaji wa mashine za kurekodi walipe kitu kwa ajili ya wasanii. Uingereza mwaka 1981 kampuni za muziki zilianzisha kampeni ya kuwatisha watu kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki, na nembo yao ilikuwa kaseti yenye mifupa miwili kama bendera ya maharamia. Marekani nao, mwaka 1984, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mtu kurekodi kipindi cha televisheni ili akiangalie baadaye siyo kosa, na Sony iliyotengeneza mashine haikuwa na hatia. Kwa hiyo hata kwa wenye mahakama kubwa, jambo lenyewe liliwagawa katikati.

Kwetu hali ilikuwa tofauti kabisa. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo toka 1966, lakini muziki haukuwa biashara ya dukani. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi walikuwa na bendi, polisi walikuwa na bendi, vijana wa chama nao walikuwa na yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa anayesubiri mshahara mwisho wa mwezi. Mkwanja mwingine ulitoka mlangoni, kwenye kiingilio cha dansi wikiendi.

Kurekodi kulifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inaingia studio, wimbo unarekodiwa, unapigwa redioni nchi nzima inasikia. Ukitaka sahani ya santuri, mashine za kuichapa zilikuwa Nairobi. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Fikiria mtu wa Songea au Kigoma anayeupenda wimbo aliousikia jana usiku redioni: ataupata wapi?

Ndipo fundi alipoingia. Alikuwa anakaa na redio yake, kidole kiko kwenye kitufe, anasubiri mtangazaji amalize kuongea. Wimbo ukianza tu, anabonyeza. Mara nyingi sauti ya mtangazaji iliingia mwanzoni au mwishoni, na mpaka leo kuna nyimbo ambazo watu wakiziimba wanaweka na ule mkato wa mtangazaji kana kwamba ni sehemu ya shairi.

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilianza kulegezwa, na kipindi cha Mzee Ruksa mambo yakafunguka zaidi. Redio kaseti zikaingia kwa wingi. Kanda moja ikawa inazunguka nyumba kumi. Watu walirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe. Kila ikidurufiwa sauti ilififia na mchakacho ukaongezeka, lakini nani alijali? Wimbo ulikuwepo.

Na kunakili hakukuwa kwa fundi peke yake. Mwaka 1991 hivi kijana mmoja wa Dar alichukua wimbo wa rapa Mmarekani uliotamba mwaka mmoja nyuma, "Ice Ice Baby", akaweka mashairi ya Kiswahili. Wengi wanahesabu pale kuwa ni moja ya milango ya Bongo Fleva. Lakini huyo Mmarekani naye alikuwa amechukua besi ya "Under Pressure", wimbo wa mwaka 1981 wa Queen na David Bowie, bila kuwataja, na baadaye ikabidi wawekwe kama watunzi na walipwe. Tofauti ni kwamba kule majina yalikuwa yameandikwa. Mtu akisema "hiyo ni yangu", kuna karatasi inayomtetea. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Redio binafsi zilianza mwaka 1994, mwaka 1999 ikaja Sheria mpya ya Hakimiliki na Hakishiriki, na COSOTA ikaanza kazi mwaka 2001. Kwenye karatasi msanii alikuwa amepata mlinzi. Mtaani stori ilikuwa nyingine. Msanii aliyemaliza albamu alikwenda kwa msambazaji Kariakoo, na wengi waliuza kazi kwa mkupuo: chukua hiki, saini hapa, kwaheri. Albamu ikivuma, aliyekula ni msambazaji. Ikidoda, msanii alikuwa ameshakula chake na kimeisha. Halafu wote wawili, msanii na msambazaji, wakasimama pamoja kumlaumu fundi wa kibandani.

Fundi naye alibadilika. Zikaja CD, akanunua kompyuta, neno likawa "kuchoma". Hesabu zilikuwa mbaya kwa msanii. CD ya kawaida inabeba dakika 80 hivi za muziki. Ukiubana muziki huohuo kwa MP3, teknolojia iliyotengenezwa Ujerumani, dakika moja inakula takriban MB 1 badala ya 10. CD ileile ya MB 700 ikaanza kubeba nyimbo zaidi ya 150. Albamu yenye nyimbo kumi ingeshindana vipi na hiyo kwa bei ileile au chini yake? Baadaye zikaja flashi na memori kadi, fundi akawa anaingiza nyimbo kwenye simu ya Mchina kwa dakika tano. Serikali nayo ikaweka stempu za kodi kwenye CD na DVD mwaka 2013, wakati wateja wengi walikuwa wameshaanza kuziacha.

Kiukweli kuna watu waliumia hapa. Kuna waimbaji waliokuwa wanajulikana nchi nzima na wamezikwa kwa michango ya mtaani. Hakuna haja ya kumpamba fundi kana kwamba alikuwa mtakatifu. Alikula kwa jasho la mwingine, na alijua.

Lakini upande wa pili nao ni wa kweli. Ingia YouTube leo, tafuta zilipendwa za miaka ya 1970 na 1980. Nyingi zimebebwa kutoka kwenye kanda za majumbani, na utazijua kwa mchakacho wake. Mikanda mikubwa ya Radio Tanzania ipo kwenye maktaba ya shirika la utangazaji, kazi ya kuihamishia kwenye kompyuta imekuwa ndefu, na mtu wa kawaida haifikii kirahisi. Kama nyimbo zingebaki mikononi mwa waliokuwa na haki nazo tu, vijana wengi wa leo wasingezijua. Mwizi ndiye aliyezitawanya, na kilichotawanywa ni vigumu kupotea chote.

Sasa kosa kubwa la fundi lilikuwa wapi? Wengi watasema hela. Hela ni kweli. Ila chukua kanda moja ya zamani uangalie karatasi yake. Imeandikwa "Zilipendwa 3". Au "Moto Moto Mix". Basi. Hakuna jina la mtunzi, hakuna jina la mpiga solo, wakati mwingine hata bendi haipo. Fundi alitunza sauti akatupa jina. Na hela ikipotea inaweza kudaiwa kesho, lakini bila jina hakuna wa kuidai.

Hapa ndipo jambo la kale linapotugusa leo. Sheria ya 1999 iliweka kwamba haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi aliyefariki mwaka 1990, familia yake ina haki mpaka 2040. Siyo historia hiyo, ni mali ya watoto na wajukuu walio hai sasa hivi. Lakini wimbo wa babu yao uko YouTube kwenye chaneli ya mtu asiyewajua, matangazo yanapita, na chini kumeandikwa "Old is Gold Tanzania". Watathibitishaje? Na kwa kuwa babu alikuwa mwajiriwa wa bendi ya taasisi, wimbo ni wa nani: wake, wa bendi, au wa taasisi ambayo pengine haipo tena?

Muziki wa mtandaoni unaendeshwa na majina kuliko wakati wowote. Kila rekodi inapewa kodi yake ya tarakimu na herufi 12 inayoitwa ISRC, na taarifa zinazoambatana nayo ndizo zinazoonesha malipo yaende wapi. Spotify ilifungua milango Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Mwaka 2024 ikaweka masharti: wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi mgao wowote wa rekodi. Kwa msanii mdogo wa kitaani, hiyo ni sawa na kwenda kwa msambazaji ukaambiwa acha kanda, hela hakuna.

Na sasa imekuja akili mnemba. Mwezi Juni 2024 kampuni kubwa za muziki zilizishtaki Marekani kampuni mbili, Suno na Udio, zikidai mashine zao zimefundishwa kwa nyimbo za wasanii bila ruhusa. Ukitazama vizuri, ni dai lilelile la kibandani: amechukua sauti za watu, amezichanganya, anauza mchanganyiko, na karatasi haina jina. Kampuni kubwa zina mawakili. Gitaa la solo la mzee wa Morogoro lina nani?

Tanzania nayo miaka ya karibuni imeweka tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodi na kuhifadhi kazi, njia ileile waliyoianza Wajerumani mwaka 1965. Ni hatua nzuri. Lakini tozo ikikusanywa lazima igawiwe, na itagawiwa kwa walioandikishwa. Wengi wa waliopiga dansi lile hawapo tena, ila wachache bado wapo, wamekaa vibarazani Ilala, Tanga na Tabora, na wanakumbuka nani alitunga, nani alipiga besi, nani aliitikia. Wakiondoka na majina hayo, hakuna fundi atakayeweza kuyarudufu.

Basi, kama nyumbani kwenu kuna kanda na kuna mzee anayejua nani anaimba ndani yake, kaa naye uandike. Jina kamili, bendi, mwaka kama anaukumbuka. Ni kazi ya jioni moja, na ndiyo ile fundi hakuifanya.