Kunguru wa Pwani: Waliletwa na Nani, na Kwa Nini Uwahesabu

Ndugu mfugaji, kunguru anayebeba vifaranga vyako si mwenyeji wa hapa. Kunguru wetu wa asili ana kifua na shingo nyeupe kama kavaa fulana. Huyu msumbufu ni mwembamba kidogo, ana shingo ya kijivu na hana weupe wowote. Asili yake ni Bara Hindi.

Aliletwa Unguja miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili ale taka za mjini. Taka alikula kweli, ila hakuishia hapo. Akahamia kwenye mayai, vifaranga, matunda na makinda ya ndege wengine. Kufikia 1917 serikali ya Unguja ilishamtangaza kuwa mharibifu, na watu wakalipwa kwa kumuua na kuleta mayai yake. Haikusaidia. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na leo amejaa pwani yetu na anaingia bara, akifuata makazi ya watu na majalala yao.

Miaka ya 1990 Unguja walipunguzwa sana kwa mitego na sumu maalumu. Kazi iliposimama, wakazaliana upya. Kenya nao walitangaza kuwa wangeondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa 2024. Mimi naona somo kubwa la miaka hiyo yote ni hesabu: usipojua walikuwa wangapi jana, huwezi kujua kama leo umewapunguza au umewatawanya tu.

Kuhesabu hakuhitaji darubini. Kunguru hawa hulala pamoja kwenye miti mikubwa, mara nyingi mwembe au mkungu. Kaeni wawili karibu na mti huo saa kumi na moja jioni hadi giza liingie, mmoja akihesabu wanaoingia kwa makumi, mwingine akiandika. Andika tarehe, saa na mahali, na wenye kifua cheupe uwaweke kando. Rudia mwezi ujao, mti uleule, saa ileile. Daftari la namna hiyo ukilipeleka ofisi ya kata lina uzito kuliko malalamiko ya mdomo.

Wenye meza za samaki na wachinjaji, hapa mnahusika moja kwa moja. Matumbo na magamba yanayotupwa wazi ndiyo chakula chao cha kila siku. Yafukieni, au yawekeni kwenye pipa lenye mfuniko.

Mfugaji, vifaranga wakae ndani ya banda lenye wavu juu hadi wafikishe kama wiki nane. Tafadhali usitege nyama yenye dawa ya shambani. Atakayekufa kwanza ni mbwa wa jirani au kuku wako mwenyewe, na mtoto anaweza kuiokota. Sumu ya kunguru ni kazi ya wataalamu wenye kibali.

Mkihesabu mwezi huu, leteni karatasi siku ya gulio.