Sumaku Ndani ya Mfupa: Historia ya Chuma Kinachorefushwa Bila Kisu

Sumaku iliingia katika upasuaji kupitia jicho, wala si mfupa. Mwaka 1624 Marie Colinet, mkunga na mpasuaji aliyefanya kazi Uswisi, aliitumia kutoa kipande cha chuma kilichonasa katika jicho la mgonjwa. Mumewe, Wilhelm Fabry, mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa Ujerumani wa zama zile, alikiandika kisa hicho na hakuficha kwamba wazo lilikuwa la mkewe. Kwa zaidi ya miaka 300 iliyofuata, kazi ya sumaku mikononi mwa madaktari ilibaki hiyohiyo: kuvuta chuma kilichoingia mwilini kwa bahati mbaya. Kuipandikiza sumaku yenyewe mwilini na kuiacha humo ni jambo la karne ya 20, na kuipa kazi ya maana ndani ya mfupa ni jambo la juzijuzi tu.

Kuchelewa huko kuna sababu. Nguvu ya sumaku hupungua haraka mno kadiri nafasi inavyoongezeka. Sumaku mbili zikigusana hung'ang'aniana hata mtu mzima akashindwa kuzibandua kwa vidole. Zikitengana sentimita chache, mvuto wake huwa si kitu. Mfupa uliovunjika haukubali mshiko wa namna hiyo. Nyonga ya mtu anayetembea taratibu hubeba mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, na akijikwaa mzigo huo hupanda ghafla. Bamba la chuma na skrubu zake haviyumbi katika hali hiyo. Carl Hansmann wa Hamburg alichapisha maelezo ya mabamba ya kuungia mifupa mwaka 1886, na mwaka 1939 Gerhard Küntscher, akiwa Kiel, alipigilia msumari mrefu ndani ya mfereji wa uboho wa mfupa wa paja. Kwa kazi ya kushika, sumaku haijawahi kuvishinda vyuma hivyo viwili.

Waliotaka kutumia nguvu yake walianzia penye mzigo mdogo, yaani kinywani. Mwaka 1953 jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilieleza jinsi ya kuyatuliza meno ya bandia kwa sumaku zinazosukumana: moja katika taya la juu, nyingine katika la chini, ncha za aina moja zikitazamana, ili kila seti ibanwe kwenye ufizi wake. Tatizo ni kwamba sumaku hizo zilisukumana muda wote, mtu akitafuna na asipotafuna. Mwaka 1960 Stanley Behrman akageuza mpango huo. Alipandikiza sumaku ndani ya mfupa wa taya na kuweka nyingine katika meno ya bandia, zivutane kupitia ufizi. Tiba ya meno bado inatumia sumaku kwa njia zinazofanana na hiyo, ingawa kutu ya majimaji ya kinywa imekuwa adui wa kudumu.

Jaribio jingine la aina hiyo lilifanyika kifuani. Wapo watoto ambao mfupa wa kidari umebonyea ndani, na upasuaji wa kawaida huuinua kwa kupitisha ufito wa chuma chini yake. Michael Harrison wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, anayejulikana zaidi kwa kuanzisha upasuaji wa watoto wakiwa bado tumboni mwa mama, alichapisha mwaka 2007 njia isiyo na ufito huo. Sumaku hufungwa kwenye kidari, nyingine huvaliwa nje katika bamba lililotengenezwa kwa umbo la kifua cha mtoto mwenyewe, na mvuto mdogo usiokoma hukivuta kidari mbele kwa miezi mingi. Mafanikio yalitegemea sana ulaini wa mfupa: kwa wadogo palikuwa na matumaini, kwa vijana waliokwisha kukomaa mfupa haukusikia. Njia hiyo haikuenea.

Kazi iliyoipa sumaku nafasi ya kudumu ilitokana na shida nyingine kabisa, ya mifupa inayotakiwa kurefuka. Alessandro Codivilla wa Bologna alieleza mwaka 1905 jinsi alivyoukata mfupa wa mguu mfupi na kuuvuta kwa nguvu kupitia msumari uliopita kisiginoni. Alivuta kwa haraka, na wagonjwa waliumia vibaya. Aliyegundua kwamba siri ni kwenda polepole ni Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan huko Siberia, aliyebuni chombo chake mwanzoni mwa miaka ya 1950: pete za chuma kuzunguka mguu, zilizoshikwa na nyaya nyembamba zinazotoboa nyama na mfupa, na kuunganishwa na vyuma vyenye hesi na nati. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alizungusha nati upande usiotakiwa, akaachanisha mfupa badala ya kuubana, na katika pengo hilo daktari akaona mfupa mchanga umeota. Kutokana na utafiti wa muda mrefu kipimo kikawekwa: milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara nne. Ukienda haraka kuliko hapo pengo hubaki tupu. Ukienda taratibu mno mfupa hujifunga kabla ya wakati.

Dunia ilichukua muda kumsikia. Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu wa Olimpiki ya 1964, aliumia mguu katika ajali ya pikipiki mwaka 1965, akapasuliwa mara nyingi bila kupona hadi alipofika Kurgan. Baadaye aliruka tena zaidi ya mita 2. Mwaka 1980 mpanda milima Carlo Mauri wa Italia alitibiwa huko, na madaktari wa nchi yake walipomwona anatembea vizuri walimwalika Ilizarov. Kupitia Italia njia yake ikaingia Ulaya Magharibi na kisha Marekani. Hata hivyo chombo chenyewe ni mateso ya miezi. Kila waya unaotoboa ngozi ni mlango wa vijidudu, misuli huchanwa inapovutwa juu ya nyaya, na mgonjwa halali ubavu anaoutaka.

Uti wa mgongo una historia yake sambamba. Huko Houston, Texas, Paul Harrington alihudumia watoto waliopindwa mgongo na polio, na mwaka 1962 alichapisha maelezo ya fito zake zenye kulabu na meno, zinazotanua uti kama jeki inavyoinua gari. Kwa kijana aliyekwisha kukua, fito zikikazwa na mfupa ukiungana, kazi imekwisha. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano hiyo ni hatari, kwa kuwa mgongo ukizuiwa kukua kifua hudumaa na mapafu hukosa nafasi. Suluhisho lilikuwa fito zinazorefushwa kadiri mtoto anavyokua. Kila miezi sita hivi alirudishwa chumba cha upasuaji, akapewa nusukaputi, mgongo ukafunguliwa, fito zikasogezwa kidogo, akashonwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watoto 140 waliotibiwa hivyo ulionyesha kuwa asilimia 58 walipata angalau tatizo moja kutokana na matibabu, na kwamba kila upasuaji wa nyongeza ulipandisha hatari hiyo kwa asilimia 24. Kisu chenyewe kilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Watoto wenye saratani ya mfupa walikuwa katika hali kama hiyo. Mtoto aliyeondolewa sehemu ya chini ya mfupa wa paja pamoja na goti huwekewa mfupa wa chuma, lakini chuma hakikui. Mguu mzima unaendelea kurefuka, uliotibiwa unabaki nyuma, na kila ongezeko la urefu lilihitaji upasuaji mwingine katika mwili uliokwisha kudhoofishwa na dawa za saratani.

Hitaji lilikuwa moja: chuma kirefuke ndani ya mwili bila ngozi kufunguliwa. Majibu ya kwanza hayakuwa na sumaku hata kidogo. Huko Ufaransa, Jean-Marc Guichet na Alain Grammont walibuni miaka ya 1980 msumari wa ndani ya mfupa uliorefuka kwa kuusokota mguu wenyewe; mgonjwa aliuzungusha mguu wake huku na huku hadi meno ya ndani yaruke, mara 15 kwa kila milimita. Maumivu yake yanaweza kukisiwa. Huko Munich, Rainer Baumgart na Augustin Betz waliweka mota ya umeme ndani ya msumari na kuilisha nguvu kwa antena iliyofichwa chini ya ngozi. Mhandisi Mfaransa Arnaud Soubeiran alibuni mfupa wa bandia wenye springi iliyobanwa na plastiki: koili ya nje ilipasha joto ndani ya chombo, plastiki ikalegea, springi ikanyanyuka. Shida yake ilikuwa kuisimamisha pale panapotakiwa.

Sumaku ilileta udhibiti. Mwaka 2002, katika hospitali ya Royal National Orthopaedic iliyoko Stanmore, nje kidogo ya London, ulianza kutumika mfupa wa bandia wenye sumaku ndogo ndani yake. Mtoto huja kliniki kama mgonjwa wa nje. Hulala, mguu wake ukapitishwa katikati ya koili kubwa ya mviringo, umeme ukawashwa. Uga wa sumaku wa koili huzunguka, na sumaku ya ndani huufuata kwa kasi ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Baina yake na hesi ya kurefushia kuna gia zinazopunguza mizunguko zaidi ya 13,000 kuwa mmoja tu, hivyo nguvu ndogo ya sumaku hugeuka kuwa msukumo mkubwa wa polepole. Milimita moja hupatikana kwa takriban dakika 4. Hakuna ganzi, hakuna mshono. Mtoto huinuka na kwenda nyumbani.

Hapo ndipo ilipo busara ya ubunifu huu. Sumaku haishiki mfupa wala haiubebi. Mzigo unabebwa na hesi, gia na titani, vitu ambavyo Küntscher angevitambua mara moja. Sumaku hupokea mzunguko kutoka nje ya ngozi tu, na kwa kazi hiyo udhaifu wake wa umbali unavumilika.

Kilichowezesha chombo hicho kupunguzwa hadi kutosha ndani ya ufito mwembamba ni aina mpya ya sumaku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Masato Sagawa nchini Japani, na kwa upande wao watafiti wa General Motors nchini Marekani, walitengeneza sumaku za neodimi, chuma na boroni, zenye nguvu kubwa kuliko zote zilizotangulia kwa ukubwa uleule. Kasoro yake ni kwamba hushika kutu upesi penye majimaji, kwa hiyo mwilini lazima ifungiwe kabisa ndani ya gamba la titani.

Kampuni ya Ellipse Technologies ya California ilitengeneza vyombo viwili kwa msingi huo. Cha kwanza, MAGEC, ni cha mgongo. Kenneth Cheung na wenzake wa Hong Kong walianza kukitumia mwaka 2009 na kuchapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 2012: mgongo wa mtoto ulirefushwa kila mwezi kliniki, akiwa macho, kwa kifaa cha mkono kinachowekwa juu ya ngozi. Mwaka 2014 taasisi ya NICE ya Uingereza ilikipendekeza, na Marekani ikakiruhusu mwaka huohuo. Cha pili, PRECICE, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2011, ni msumari wa ndani ya paja au muundi. Mgonjwa hupewa kifaa chenye sumaku mbili zinazozunguka, akakiweka juu ya alama iliyochorwa na daktari kwenye ngozi, na kurefusha mfupa wake mwenyewe nyumbani. Kipimo ni kilekile cha Kurgan, milimita 1 kwa siku kwa mafungu, na msumari unaweza kuongeza hadi milimita 80. Kifaa hicho kikizungushwa kinyume, vipande vya mfupa husogezwa na kubanwa pamoja, na madaktari wametumia njia hiyo kwa mifupa iliyokataa kuunga.

Sifa zilikuja haraka kuliko ushahidi. Wapasuaji waliozitoa fito za MAGEC baada ya miaka kadhaa walikuta nyama iliyozizunguka imekuwa nyeusi kwa vumbi la titani lililosagika kwenye maungio, na baadhi ya pini za ndani zimekatika. Aprili 2020 mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza ilisimamisha usambazaji wake ili uchunguzi ufanyike. Toleo la PRECICE lililoitwa Stryde, la chuma kisichoshika kutu na lililokusudiwa kubeba uzito wote wa mwili tangu mwanzo, liliondolewa sokoni mwaka 2021 baada ya picha za eksirei kuonyesha mfupa umeliwa karibu na ungio la sehemu zake mbili. Kila chombo chenye sehemu zinazosogea husagika, na aliyetarajia vinginevyo alisahau kwamba mgongo wa mtoto hupinda maelfu ya mara kwa siku.

Bei nayo ni kizuizi, kwani msumari mmoja hugharimu maelfu ya dola. Afrika Mashariki, ambako ajali za pikipiki hujaza wodi za mifupa, mahitaji makubwa zaidi ni chuma cha kushika kisicho na sumaku. Muhimbili na hospitali nyingine zimetumia msumari wa SIGN, uliobuniwa na daktari Mmarekani Lewis Zirkle, unaoweza kufungwa kwa skrubu bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji.

Msumari wa PRECICE haukusudiwi kukaa mwilini maisha yote. Mfupa mpya ukishakomaa, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, hutolewa. Kabla ya hapo, mwenye nao hapaswi kuingia katika mashine ya MRI, ambayo ni sumaku kubwa kuliko ile ya ndani na inaweza kuiharibu au kuisogeza. Kwa hiyo yeyote aliyewekewa chuma cha aina hii ni lazima awaambie wahudumu kabla ya kipimo chochote, hata kama kovu lake halionekani.