Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba: athari ya wakati

Vidonge hivi, ambavyo Tanzania hujulikana sana kwa jina la P2, ni levonojestreli ya miligramu 1.5, na kazi yake ni kulichelewesha yai lisitoke. Likishatoka, dawa haina hila. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1998 ulidhihirisha kwamba vilizuia asilimia 95 ya mimba zilizotazamiwa vilipomezwa ndani ya saa 24 baada ya kujamiiana, asilimia 85 siku ya pili, na 58 tu siku ya tatu. Basi mwanamke wa Puge akiikosa dawa kijijini, akangoja hadi kesho aende Nzega mjini, usiku huo umemgharimu kuliko nauli. Mimba iliyokwisha kutunga haiharibiwi na vidonge hivi. Kitanzi cha shaba, kikitiwa ndani ya siku 5, huvishinda kwa nguvu.