Kiungo: Jinsi Ushahidi wa Jirani Ulivyogeuka Bidhaa

Neno kiungo lina bahati katika Kiswahili. Ni mahali mifupa miwili inapokutana, goti au kiwiko. Ni bizari na iliki zinazokikoleza chakula. Na tangu intaneti iingie kwetu, ni yale maneno ya rangi ya samawati ambayo ukiyagusa hukupeleka ukurasa mwingine. Maana hii ya tatu ndiyo changa kuliko zote, lakini historia yake haitamshangaza mtu wa fasihi, kwa kuwa chimbuko lake ni adabu ya wasomi ya kutajana.

Mwaka 1873 nchini Marekani ilianza kutolewa fahirisi ya Shepard, iliyowaonyesha wanasheria ni hukumu zipi za baadaye zilizoitaja hukumu fulani. Wakili alihitaji kujua kama hukumu anayoitegemea ingali na nguvu au imekwisha kutenguliwa. Eugene Garfield aliitazama fahirisi hiyo, akaona kwamba wanasayansi nao wanahitaji ya kwao. Alichapisha pendekezo lake katika jarida la Science mwaka 1955, na katika muongo uliofuata taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kuitoa. Tangu hapo makala iliweza kupimwa kwa idadi ya wanaoitaja, hata kama yenyewe haijisifu.

Upungufu ulionekana baadaye. Kutajwa na bingwa na kutajwa na mwanagenzi kulihesabiwa sawa. Mwaka 1976 Gabriel Pinski na Francis Narin walipendekeza kwamba uzito wa jarida utokane na uzito wa majarida yanayolitaja. Wazo hilo linazunguka: ili nijue uzito wako, sharti nijue uzito wa wanaokutaja, na wao vivyo hivyo. Wanahisabati hawaogopi mzunguko wa namna hiyo. Hupiga hesabu, wakairudia tena na tena, hadi tarakimu zitulie.

Wavuti ilipoenea katika miaka ya 1990, injini nyingi za utafutaji zilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Anayelirudia neno mara nyingi ndiye aliyeonekana kulijua zaidi, kana kwamba malenga hutambuliwa kwa kujiita malenga. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliandika kwamba mnamo Novemba 1997, kati ya injini nne kubwa za kibiashara, ni moja tu iliyoweza kujiona yenyewe katika majibu kumi ya kwanza pale jina lake lilipotafutwa.

Mradi wao ulianza mwaka 1996 kwa jina la BackRub, yaani kusugua mgongo, kwa sababu ulitazama viungo vinavyoujia ukurasa kutoka kwingine. Kanuni yao wakaiita PageRank. Jina hilo lina maana mbili ambazo washairi watazifurahia: Page ni jina la mtu, na kwa Kiingereza ni ukurasa pia. Kanuni yenyewe inaelezeka bila alama za hesabu. Kila ukurasa una thamani, nayo hugawanywa sawasawa kwa viungo vinavyotoka humo. Wenye viungo viwili huupa kila kimoja nusu; wenye viungo mia hutoa makombo. Kisha mfikirie msafiri asiye na haraka, ambaye kwa kawaida mara 85 katika 100 hufuata kiungo chochote kilicho mbele yake, na mara zilizobaki hurukia ukurasa mwingine bila mpango. Ukurasa anaoupitia mara nyingi ndio wenye daraja la juu. Makala yao ya mwaka 1998 ilieleza injini yenye hifadhi ya kurasa zisizopungua milioni 24.

Hawakuwa peke yao. Robin Li, ambaye baadaye aliianzisha Baidu mjini Beijing, alikuwa ameunda RankDex mwaka 1996 kwa wazo la jamaa hiyo hiyo, na Jon Kleinberg alibuni njia ya kutenganisha kurasa zinazoaminiwa na kurasa zinazojua kuelekeza. Historia hupenda kumkumbuka aliyepata utajiri.

Jambo ambalo watu wa lugha wanapaswa kulitua ni hili: Page na Brin waliyapa uzito pia maneno yanayobeba kiungo. Nikiandika "diwani nzuri" na kuyafunga maneno hayo kwa ukurasa wako, injini huyahesabu kuwa sifa zako, hata kama wewe hukuyaandika popote.

Udhaifu ulikuwa humo humo. Mwaka 2003 watu wengi walikubaliana kuyafunga maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mshinde wa kusikitisha" kwa wasifu wa George W. Bush katika tovuti ya ikulu ya Marekani. Aliyeyatafuta aliukuta wasifu huo juu kabisa, ilhali maneno hayo hayakuwamo ndani yake. Google iliurekebisha mtindo huo Januari 2007.

Mzaha huo ulikuwa mdogo kando ya biashara iliyokuwa ikikua. Tangu mwaka 2000 Google iliwaonyesha watumiaji wa kivinjari daraja la kila ukurasa, kutoka 0 hadi 10. Kwa maoni yangu, kosa kubwa lilikuwa kuianika tarakimu ile. Kitu kikishapimwa hadharani hupata bei, na kiungo kilichotolewa kwa mapenzi kikaanza kuuzwa. Mwaka 2005 ikabuniwa alama ya kuiambia injini isikihesabu kiungo fulani. Mwezi Aprili 2012 yakaja mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyozishusha tovuti zilizojipandisha kwa viungo vya hila. Tarakimu ile ya hadharani iliondolewa mwaka 2016. Viungo havikuondolewa, vingali vikihesabiwa, pamoja na vigezo vingine vingi.

Nasi tumo katika hesabu hii, tupende tusipende. Shairi la Kiswahili huhamishwa kutoka ukurasa huu hadi ule, jina la mtunzi likafutika njiani, na mnukuzi asitaje alikolitoa. Injini hukuta nakala kumi zisizotajana, isiwe na njia nyepesi ya kujua ipi ni ya mwenyewe. Nimepata kumtafuta mtunzi ninayemfahamu, nikaletewa kwanza shairi lake chini ya picha ya mtu mwingine.

Wazee wetu hawakuwa na injini, lakini walijua kuacha alama za njia. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840 hivi, zilikusanywa na Mwalimu Sikujua, zikamfikia W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kuwa diwani. Anayezisoma leo huyakuta majina ya watu hao, kila mmoja akimwelekeza kwa aliyemtangulia.