Goti, Mkono na Sala ya Pamoja

Neno shikamoo, ambalo kila mtoto wa pwani hulijua kabla hajajua kuhesabu, asili yake ni jambo la mwili. Wajuzi wa lugha wanatuambia kwamba maana yake ni "nashika miguu yako". Leo hakuna anayeinama akaishika miguu ya mzee. Heshima imebaki katika neno. Lakini wako watu ambao kila Jumapili bado wanasema kwa mwili. Nao ni Wakatoliki, wanaposimama, wanapoketi na wanapopiga magoti kwa pamoja katika Misa.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Katika parokia za mijini upo ubishi wa chini kwa chini. Vijana wanainua mikono na kushikana wakati wa Baba Yetu, na wazee wananung'unika kwamba hayo ni mambo ya kuja. Mama mwenye maumivu ya miguu akibaki ameketi wakati wa mageuzo, wapo wanaomtazama kwa jicho kali. Na kila upande unadai kwamba wake ndio mtindo wa tangu asili. Yafaa basi tuiulize historia.

Historia inajibu kwamba Wakristo wa kwanza walizoea kusali wamesimama. Katika makaburi ya chini ya ardhi mjini Roma imo michoro ya watu waliosimama, mikono wameikunjua na viganja viko wazi. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza kwamba siku za Jumapili, na kipindi chote cha Pasaka hadi Pentekoste, watu wasali wamesimama na wala wasipige magoti. Kusimama kulikuwa alama ya Ufufuko. Goti lilikuwa la toba.

Kuunganisha viganja kulienea baadaye, katika Ulaya ya zama za kati. Huko, mtu aliyeapa utii kwa bwana wake alipiga goti, akaunganisha viganja na kuviweka ndani ya mikono ya bwana huyo. Wanahistoria wengi wanaona kwamba ishara hiyo ya utii ndiyo iliyoingia katika sala.

Huku kusini, mtindo huo uliletwa na wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani. Walianzisha kituo cha Lukuledi mwaka 1895, na baadaye Nyangao. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, vituo vyote viwili vilichomwa moto, na Askofu Cassian Spiss akauawa pamoja na wenzake akiwa safarini. Mwaka uliofuata, 1906, walianza tena Ndanda. Tukumbuke kwamba padre na mtoza kodi walitoka nchi moja. Haikuwa kazi nyepesi kwa mtu wa wakati ule kupambanua goti analompigia Mungu na goti analotakiwa kumpigia mtawala.

Kwa miaka mingi Misa ilisomwa kwa Kilatini, padre akielekea altare, na waumini nyuma yake wakisali rozari zao kimya kimya. Mabadiliko yalikuja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake juu ya liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, ilitaka waumini washiriki kwa majibu na nyimbo, na vilevile kwa matendo, ishara na mikao ya mwili. Kwa hiyo, Jimbo la Mtwara lilipoundwa mwaka 1972, Kiswahili kilikwisha kuingia altareni, na baada yake ngoma, makofi na vigelegele. Jirani zetu wa Zaire walikwenda mbali zaidi. Misale yao iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 inaruhusu kucheza kwa kuizunguka altare, na wakati wa kutubu watu huinamisha vichwa na kukunja mikono kifuani.

Hapa kwetu, kuanzia Mikindani na Mtawanya hadi mdomo wa Ruvuma, tunalo somo jingine, maana tunaishi pamoja na Waislamu. Msikitini safu hunyooka, bega kwa bega, na wote husimama, hurukuu na kusujudu kwa wakati mmoja, tajiri na mvuvi. Kukiwa na dua ya msiba, Mkristo huketi mkekani na jirani zake, naye hufungua viganja. Huenda hajui kwamba mikono wazi ilikuwa mikono ya sala ya babu zake wa imani.

Na utaratibu wa leo wa Kanisa unasemaje? Unataka watu wasimame wakati wa Injili, waketi wakati wa mahubiri, wapige magoti wakati wa mageuzo; nao unasema wazi kwamba mkao wa pamoja ni alama ya umoja. Lakini utaratibu huohuo unamwondolea goti mtu anayezuiwa na afya au na msongamano; yeye huinama padre anapopiga goti. Ama kushikana mikono wakati wa Baba Yetu, kitabu cha Misa hakikuagiza. Kijana asimlazimishe jirani kutoa mkono, na mzee asidhani kwamba kila alichokikuta utotoni kilitoka kwa Mitume.

Ndugu wasikilizaji, mikao imebadilika, na inaelekea itabadilika tena. Lililodumu ni shabaha yake, yaani watu wengi kuwa mwili mmoja mbele ya Mungu. Anayemdharau jirani yake kwa sababu ya goti amekwisha kuuvunja umoja ambao goti lile liliwekwa ili kuuonyesha.