Riziki ya Nyanda za Buha

Atajapo mtu Kasulu au Kibondo leo, aghalabu msikilizaji hukumbuka kambi za wakimbizi, na aliye mzee hukumbuka manamba wa mkonge; ilhali nyanda hizi za Buha, nchi ya Waha, kabla hazijajulikana kwa wanaokimbilia wala kwa wanaoziacha, zilikuwa na mpango wao wa riziki, nao wastahili kuelezwa kwa heshima.

Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, na kila himaya ilikuwa na Mwami wake wa nasaba ya Kitutsi, na watware, yaani watawala wadogo, chini yake. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa katika dhamana ya mteko, mzee wa Kiha, ambaye ndiye aliyegawa mashamba na kuitambikia nchi. Waha wengi walikuwa wakulima, nao Watutsi, waliokuwa wachache, walishika ufugaji. Kilichowaunganisha ni ubugabire: mwenye mifugo humpa mkulima ng'ombe amtunze, naye mkulima, akipata maziwa na samadi, humtumikia shebuja wake kwa kazi na kwa pombe. Sisemi kwamba ulikuwa usawa, maana haukuwa. Ila nathubutu kusema kuwa maskini alikuwa na mlango wa kubisha.

Wala haikuwa nchi ya jembe na mfugo tu. Mto Ruchugi, ukitelemka kutoka Kasulu, hukutana na Malagarasi huko Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi zilizochemshwa kwa zaidi ya miaka 1,400. Na wakati wa kiangazi watu wa nyanda za juu walishuka kupika chumvi, wakairudisha kwao ikawa bidhaa ya kubadilishana kwa majembe na mbuzi. Na misafara ilitozwa ushuru: msafiri Stanley, akielekea Ujiji mwaka 1871, alidaiwa hongo katika Buha mara kwa mara hata akaponyoka usiku.

Kilichovuruga mpango huo ni kodi ya fedha. Wakaja Wajerumani, wakafuata Wabelgiji mwaka 1916, kisha Waingereza, na wote walitaka sarafu katika nchi iliyokuwa na ujira haba mno. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikafungua njia ya kuondokea; malale ikawahamisha watu kutoka maporini katika miaka ya 1930; na tangu 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, ikawa yaandikisha vijana na kuwapeleka Tanga na Morogoro, kila mmoja na namba yake. Wanawake wakabaki na ulezi, maharage na mihogo, nao ndio walioilisha nchi, ingawa daftari za kazi hazikuwaandika.

Wapo waliorudi na akiba wakanunua ng'ombe, kama babu zao walivyotamani. Lakini ng'ombe wa sokoni hakuwa na shebuja nyuma yake, wala mwenye kumnunua hakudaiwa pombe na mtu.